Padre Henri Breuil: Maisha ya Padre Aliyesoma Kuta za Mapango

Katika Kanisa wapo mapadre wanaokumbukwa kwa mahubiri yao, na wapo wanaokumbukwa kwa shule, hospitali na parokia walizoanzisha. Padre Henri Breuil wa Ufaransa anakumbukwa kwa mapango. Kwa hesabu yake mwenyewe, alitumia zaidi ya siku 700 za maisha yake chini ya ardhi, akinakili kwa mwanga wa mshumaa au taa michoro iliyoachwa na watu walioishi maelfu mengi ya miaka kabla ya Kristo. Wataalamu wenzake walimpa jina la utani la Papa wa elimu ya watu wa kale, kwa kuwa likigunduliwa pango jipya, neno lake ndilo lililosubiriwa.

Maisha yake yanatufaa sisi waseminari na waamini wote kwa sababu mbili. Aliwasaidia wasomi wa Ulaya kukiri kosa kubwa walilowatendea watu wa kale na mtu mmoja mwaminifu aliyewatetea. Kisha, akiwa mzee na mwenye sifa duniani kote, yeye mwenyewe aliangukia kosa la aina ile ile, na safari hii waliodhulumiwa walikuwa Waafrika.

Utoto na wito

Henri Breuil alizaliwa tarehe 28 Februari 1877 katika mji wa Mortain, Normandy, kaskazini magharibi mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mwanasheria wa serikali, na familia ilihamia Clermont, katika eneo la Oise. Mtoto huyu alikuwa na afya dhaifu, lakini alipenda sana kutembea mashambani akikusanya wadudu na kuchunguza mawe.

Mwaka 1895 aliingia Seminari ya Issy, jirani na Paris. Huko alikutana na mlezi aliyebadili maisha yake, Padre Jean Guibert, aliyefundisha sayansi ya viumbe. Miaka ile wasomi wengi walidhani kwamba mtu lazima achague: ama Biblia, ama visukuku na mawe ya kale. Padre Guibert hakuwalea vijana wake katika hofu hiyo. Alimwonyesha frateri Breuil kwamba elimu ya watu wa kale bado ilikuwa changa na ilihitaji wafanyakazi. Pale seminarini Breuil alipata pia rafiki wa kudumu, Jean Bouyssonie, aliyependa mambo hayo hayo.

Breuil alipewa daraja takatifu la upadre Desemba 1900, akiwa padre wa Jimbo la Soissons. Askofu wake alimruhusu kuendelea na masomo ya sayansi badala ya kumpangia parokia, na maisha yake yote hakuwahi kuwa paroko. Huenda wapo watakaouliza kama huo ulikuwa upadre kweli. Ni swali la haki, nami nitalirudia mwishoni.

Msichana aliyeinua macho

Ili kuelewa kazi ya Padre Breuil, inabidi turudi nyuma miaka michache, kaskazini mwa Hispania. Karibu na mji wa Santillana del Mar lipo pango liitwalo Altamira. Mwindaji mmoja aligundua mlango wake mwaka 1868. Bwana Marcelino Sanz de Sautuola, mwenye mashamba katika eneo lile, alianza kulichunguza. Mwaka 1878 alitembelea maonyesho makubwa ya Paris, akaona mifupa midogo iliyochongwa michoro na watu wa kale. Mwaka uliofuata alirudi pangoni kuchimba, akitumaini kupata vitu kama vile.

Alikuwa amefuatana na binti yake María, mwenye umri wa miaka 8. Baba aliinama akitafuta vitu sakafuni. Mtoto aliinua macho akaona darini wanyama wamechorwa kwa rangi nyekundu na nyeusi, akamwita baba yake. Walikuwa nyati wa kale wa Ulaya: wengine wamesimama, wengine wamejikunja, na baadhi wamechorwa juu ya matuta ya mwamba kiasi kwamba miili yao ilionekana kujaa.

Mwaka 1880 Sautuola alichapisha kijitabu kueleza kwamba michoro hiyo ilifanywa na watu wa Zama za Mawe. Wakubwa wa elimu hiyo hawakumwamini. Kwao, mtu wa kale alikuwa nusu mnyama. Angewezaje kuchora kwa ustadi ambao hata wasanii wa Paris wangeuonea wivu? Ikasemwa kwamba kuna mchoraji wa siku zile aliyefanya kazi hiyo kwa siri. Gabriel de Mortillet, mmoja wa mabingwa wa Ufaransa, alishuku kuwa ni mtego wa Majesuiti wa Hispania wa kuwaaibisha wanasayansi. Émile Cartailhac wa Toulouse, msomi aliyeheshimika sana, naye aliikataa michoro hiyo bila kufika pangoni. Sautuola alifariki dunia mwaka 1888 huku jina lake likiwa bado limechafuliwa.

Septemba ya mwaka 1901

Mambo yalianza kubadilika polepole. Mwaka 1895, katika pango la La Mouthe kusini magharibi mwa Ufaransa, ilionekana michoro katika njia iliyokuwa imezibwa na udongo wa kale. Hakuna mtu wa siku zile ambaye angeweza kupita kwenye udongo huo bila kuuvuruga. Kwa hiyo michoro ilikuwa ya kale kuliko udongo wenyewe.

Ndipo akaja padre kijana. Tarehe 8 Septemba 1901, sikukuu ya Kuzaliwa Bikira Maria, Padre Breuil pamoja na daktari Louis Capitan na mwalimu Denis Peyrony waliingia katika pango la Les Combarelles, karibu na kijiji cha Les Eyzies. Ni njia nyembamba inayoingia zaidi ya mita 200 ndani ya mlima. Kuta zake zilikuwa zimechongwa mamia ya michoro: farasi, nyati, dubu, mbuzi mwitu, na mamothi, yule mnyama wa jamii ya tembo mwenye manyoya marefu aliyekwisha kutoweka duniani. Siku chache baadaye wakaingia Font-de-Gaume, pango lisilo mbali na lile la kwanza, wakakuta michoro ya rangi.

Hoja ilikuwa rahisi na nzito. Mamothi hakuishi Ulaya katika nyakati zinazojulikana kwa maandishi. Aliyemchora kwa usahihi namna ile lazima alimwona kwa macho yake. Agosti 1902 wataalamu wengi walipelekwa kuona wenyewe, na ubishi ukaanza kuvunjika.

Altamira na kukiri kosa

Mwaka huo huo wa 1902 Cartailhac alifanya jambo ambalo wasomi hawalifanyi mara nyingi. Aliandika makala katika jarida la kisayansi akikiri hadharani kwamba alimkosea Sautuola, na katika kichwa chake akatumia maneno ya Kilatini, Mea culpa, ambayo kila Mkatoliki anayafahamu kutoka sala ya kuungama mwanzoni mwa Misa. Kisha, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 50, alimchukua Padre Breuil, kijana wa miaka 25, wakaenda pamoja Altamira. Cartailhac alikutana pia na María, ambaye sasa alikuwa mwanamke mzima. Baba yake alikuwa kaburini miaka 14.

Kazi ya pangoni ilikuwa ngumu. Dari yenye nyati ilikuwa karibu mno na sakafu, hivyo Padre Breuil alilala chali juu ya magunia yaliyojazwa majani makavu, mishumaa ikiyeyuka karibu naye, akachora alichokiona juu ya uso wake. Rangi za maji hazikufaa kwa sababu ya unyevu wa pango, akatumia chaki za rangi. Aliendelea hivyo siku baada ya siku kwa wiki kadhaa. Siku zile hapakuwa na kamera iliyoweza kupiga picha za rangi mahali kama pale. Bila mkono wake, watu wa nje wasingeuona uzuri ule.

Kuchapisha michoro hiyo kulihitaji fedha nyingi. Mfalme mdogo wa Monaco, Albert wa Kwanza, aliyependa sayansi, alikubali kugharamia, na kitabu kikubwa cha Altamira kikatoka mwaka 1906. Mwaka 1910 Albert alianzisha Paris taasisi ya kuchunguza mabaki ya binadamu wa kale, na Padre Breuil akawa mmoja wa maprofesa wake. Kuanzia mwaka 1929 alifundisha pia Collège de France, chuo chenye heshima kubwa nchini humo.

Kaburi la La Chapelle-aux-Saints

Mapango hayakutoa michoro tu. Mwaka 1908 rafiki yake wa seminari, Padre Jean Bouyssonie, akiwa na ndugu zake, alichimba pango dogo katika kijiji cha La Chapelle-aux-Saints. Wakakuta mifupa ya mtu wa jamii ya Neanderthal amelazwa ndani ya shimo, miguu imekunjwa. Mapadre hao walitambua kwamba hakufia pale kwa bahati mbaya, bali alizikwa na wenzake.

Fikirini uzito wa jambo hilo. Maelfu ya miaka kabla ya Abrahamu kulikuwa na watu ambao hawakumtupa maiti wao kwa fisi. Kwa ushauri wa Breuil, mifupa ilipelekwa Paris kwa Marcellin Boule, mtaalamu mkubwa. Boule alimchora mtu huyo akiwa ameinama kama sokwe, na picha hiyo ikaenea duniani. Miaka mingi baadaye madaktari walionyesha kwamba mifupa ile ilikuwa ya mzee mwenye ugonjwa mkali wa viungo, aliyepoteza meno mengi. Kwa mara nyingine wasomi walikuwa wamempunguzia mtu wa kale utu wake.

Kupanga nyakati

Mchango mkubwa wa Padre Breuil kwa sayansi ulikuwa kupanga nyakati. Zana za mawe na mifupa ya kale hupatikana katika matabaka ya udongo, na tabaka la chini kwa kawaida ni la zamani kuliko la juu. Mwaka 1912, katika mkutano wa Geneva, aliwasilisha mpangilio wa vipindi vya mwisho vya Zama za Mawe za Kale ambao ulitumiwa na wataalamu kwa miaka mingi. Ukutani nako alitazama mchoro upi umepita juu ya mwingine, kisha akalinganisha na vitu vilivyochongwa ambavyo tabaka lake linajulikana.

Si yote aliyofundisha yaliyosimama. Aliamini kwamba sanaa ilianza kwa michoro ya kitoto ikakua hatua kwa hatua. Pango la Chauvet, lililogunduliwa Ufaransa mwaka 1994, lilionyesha simba na vifaru waliochorwa kwa ustadi mkubwa zaidi ya miaka 30,000 iliyopita. Aliamini pia kwamba wawindaji walichora ili kupata nguvu juu ya mawindo. Lakini katika pango la Lascaux, mifupa ya wanyama walioliwa ni hasa ya kulungu wa nchi za baridi, ilhali ukutani mnyama huyo karibu hayupo.

Lascaux

Tarehe 12 Septemba 1940, Ufaransa ikiwa imeshindwa vitani na sehemu kubwa ya nchi ikikaliwa na Wajerumani, vijana wanne waliteremka kwenye shimo katika msitu wa Lascaux, karibu na mji wa Montignac: Marcel Ravidat, Jacques Marsal, Georges Agnel na Simon Coencas. Ndani wakakuta fahali wakubwa, farasi na kulungu, rangi zao zikiwa kama za jana. Walimwambia mwalimu wao wa zamani, Léon Laval.

Padre Breuil alikuwa amekimbia vita na alikuwa akiishi si mbali na hapo, eneo la Brive, karibu na Bouyssonie. Tarehe 21 Septemba, akiwa na umri wa miaka 63, aliingia pangoni na kuthibitisha kwamba kazi ile ilikuwa ya kale kweli. Vijana wale hawakulazimika kusubiri miaka 22 kama Sautuola. Marsal alikuja kuwa mmoja wa waongozaji wageni wa pango hilo. Baadaye wageni walizidi, pumzi zao zikaanza kuharibu kuta, na mwaka 1963 serikali ikalifunga kwa umma.

Afrika, na kosa la uzeeni

Padre Breuil alikuwa amekwisha kusafiri sana. Alifika Afrika Kusini mwaka 1929, China mwaka 1931 na Ethiopia mwaka 1933. Mwaka 1942, kwa mwaliko wa Waziri Mkuu Jan Smuts, alirudi Afrika Kusini na kukaa huko hadi mwisho wa vita. Januari 1947 alikuwa Nairobi kwenye mkutano wa kwanza wa Afrika nzima juu ya historia ya kale, ulioandaliwa na Louis Leakey.

Mwaka huo huo alikwenda Namibia, kwenye mlima Brandberg. Chini ya mwamba mmoja kuna mchoro wa msafara wa watu na wanyama, uliotangazwa na Mjerumani Reinhard Maack baada ya kuuona wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Katikati yupo mtu anayetembea, sehemu ya mwili wake imepakwa rangi nyeupe. Breuil alimtazama akaamua kwamba ni mwanamke mgeni, mwenye sura ya watu wa Mediterania kama wale wa kisiwa cha Krete. Akamwita Bibi Mweupe, na mwaka 1955 akachapisha kitabu chenye jina hilo.

Mtu yule si bibi, wala si mweupe. Wataalamu waliomchunguza baadaye walieleza kwamba ni mwanamume mwenye upinde, aliyejipaka rangi mwilini, na kwamba mchoro wote ni kazi ya Waafrika wawindaji, jamii ya Wasan. Hakuna haja ya kumleta msafiri kutoka Krete.

Hili si jambo dogo la kitaaluma. Mwaka 1948 siasa ya ubaguzi wa rangi ilikuwa imeingia madarakani Afrika Kusini, na Namibia ilikuwa chini ya utawala huo. Waliotaka kuamini kwamba Mwafrika hakuwahi kufanya lolote zuri bila kufundishwa na mgeni walipata padre mwenye jina kubwa wa kuwaunga mkono. Kuta za Great Zimbabwe nazo zilisemwa hivyo hivyo kwa miaka mingi.

Tazameni mfanano huo. Mwaka 1880 wasomi waliitazama Altamira wakasema mtu wa kale hawezi. Mwaka 1947 yule aliyesaidia kuwaumbua alisimama Brandberg, na moyoni mwake akasema Mwafrika hawezi. Macho yake yalikuwa bingwa, lakini yaliona kile ambacho fikra zake zilikuwa tayari kukikubali. Cartailhac aliandika toba yake akiwa hai. Kwa Padre Breuil na Bibi Mweupe, toba kama hiyo haikuandikwa.

Mwaka 1952 alitoa kitabu chake kikubwa kilichokusanya sanaa ya mapango ya miaka yote aliyofanya kazi. Alifariki dunia tarehe 14 Agosti 1961 huko L'Isle-Adam, kaskazini mwa Paris, mkesha wa sherehe ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, akiwa na umri wa miaka 84 na padre kwa miaka 60.

Tunajifunza nini?

Kwanza, tusiogope ukweli. Mungu aliyetuumba ndiye aliyewaumba wachoraji wa Altamira, na hakuna tunachoweza kukifukua ardhini ambacho yeye hakukijua. Padre Guibert angeweza kumkataza frateri wake asiguse mambo ya mawe na mifupa. Alimruhusu, na Kanisa halikupungukiwa kitu. Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa kwamba binadamu ni roho na mwili, mwenye akili inayotafuta maana. Kaburi la La Chapelle-aux-Saints na nyati wa Altamira ni ushahidi wa hilo unaoweza kuonekana kwa macho.

Pili, kuhusu swali la upadre wake. Hakubatiza kijiji wala kujenga kigango. Lakini aliuliza kwa bidii mtu ni nani, na swali hilo si geni kwa altare. Upungufu wake haukuwa kwamba alikwenda mapangoni. Ulikuwa kwamba Brandberg hakumpa mchoraji Mwafrika heshima aliyompa mchoraji wa Ulaya, ingawa wote wawili ni sura na mfano wa Mungu.

Tatu, tuangalie ya kwetu. Kolo, wilayani Kondoa, kuna michoro ya miambani ambayo Mary Leakey na mumewe Louis waliinakili mwaka 1951, na tangu mwaka 2006 ni urithi wa dunia unaotambuliwa na UNESCO. Katika baadhi ya maeneo hayo wenyeji wanaendelea na matambiko hadi leo. Waamini wengi wanaishi jirani na michoro hiyo, na mapadre wapya watatumwa parokia za huko. Wakifika na kudharau kila walichokikuta, au wakidhani kila chenye thamani kilitoka ng'ambo, watakuwa wamerudia kosa la Brandberg. Wakianza kwa kuwauliza wazee wa mahali pale, watakuwa wamemzidi Papa wa mapango katika jambo moja muhimu.

Tumwombee Padre Henri Breuil pumziko la milele, pamoja na Bwana Sautuola, na wachoraji wote wa Altamira, Lascaux, Brandberg na Kondoa, ambao majina yao anayajua Mungu peke yake.